WordPress 6.8: mabloku, edita ya zamani, ClassicPress au Blogger? Wenye blogu Arusha na Moshi tushauriane

njia_ya_machame (Moshi)
Wakuu habari za jioni. Nina blogu ya mambo ya Mlima, njia za kupandia, vifaa vya kukodi, malipo ya wagumu (wapagazi wa mlimani), na mama mkubwa anaandika upande wa kahawa na migomba, yeye amezoea ile edita ya zamani yenye vitufe juu kama vya Word. Mpaka leo tupo WordPress 4.9, tuligoma kwenda 5.0 ilipotoka Desemba 2018 sababu ya mabloku, ile edita mpya ambayo kila aya au picha ni kiboksi chake. Sasa hostingi wanaondoa PHP ya zamani (lugha inayoendesha WordPress kwenye seva), lazima tupande toleo. Naona njia nne: 6.8 na mabloku yake, 6.8 na plagini (programu ya nyongeza) ya Classic Editor inayorudisha edita ya zamani, ClassicPress (tawi la WordPress lililojitenga, halina mabloku), au tuhamie Blogger ya Google tupumzike. Wasomaji wetu ni wagumu na wakulima, simu ndogo, bando la kuungaunga. Ipi?

chalii_sakina
Mabloku mwanangu, usizunguke. Mimi naandikia safari za Serengeti na Ngorongoro, ukitaka picha mbili ziwe pembeni ya maandishi, kitufe cha kuweka nafasi chini, unapanga bila kuandika kodi ya programu hata mstari mmoja. Siku za mwanzo inaudhi kweli, kila aya ina kiboksi chake, ila mkono ukishazoea hurudi nyuma. Halafu inajisevu yenyewe, umeme ukikatika hupotezi kazi.

fundi_njiro
Kaka chalii hapo kwenye kujisevu siyo tofauti, edita zote mbili zinatuma nakala kwenye seva kila baada ya dakika moja hivi.

Na watu wanachanganya vitu viwili. Edita ni ya anayeandika. Msomaji yeye anakutana na injini ya ndani, na huko ndiko kwenye faida za kupanda toleo: picha kutolewa kwa saizi ya skrini ilikuwepo tangu 4.4, lakini picha kusubiri mpaka msomaji ashuke chini ndo ipakuliwe imekuja na 5.5 mwaka 2020, na aina za picha zilizo nyepesi zaidi, WebP kwenye 5.8, AVIF kwenye 6.5. Hivyo vyote unavipata hata ukiwa na Classic Editor, maana ile plagini inabadilisha meza ya mwandishi tu. Mgumu aliyeko Machame geti akifungua ukurasa wako wenye picha kumi za mlima, hapo ndo bando lake linapona au linakufa.

dada_wa_rau
Fundi samahani, nimesikia 6.8 inapakua kurasa kabla hata mtu hajazifungua, hiyo si ndo itamaliza bando la watu? Hili linanigusa, wasomaji wangu ni kina mama wa vikoba wananunua bando la siku.

fundi_njiro
Swali zuri dada. Ipo kweli, ila ilivyowekwa ni kwa tahadhari: brauza inaanza kuvuta ukurasa pale kidole kinapogusa linki, yaani mtu ameshaamua kufungua. Upotevu ni mdogo sana. Na ukiwa umeingia kama mwandishi haifanyi kazi. Kingine kwenye 6.8, nywila sasa zinahifadhiwa kwa bcrypt (njia ya kuzificha nywila), ngumu zaidi kuvunjwa databesi ikiibiwa, na za zamani zinaendelea kufanya kazi, zinabadilishwa zenyewe mtu akiingia.

mwl_mstaafu_usa
Vijana wangu, mimi macho yamechoka, natumia programu ya kunisomea skrini. Mabloku yalinitesa sana mwanzoni, na sikuwa peke yangu, maana Rian Rietveld aliyekuwa anaongoza timu ya ufikivu ya WordPress alijiachia ngazi Oktoba 2018 kabla 5.0 haijatoka. Yameboreshwa, nakiri, lakini kwa makala ndefu isiyo na mapambo bado nashika ya zamani. Huyo mama mkubwa msimlazimishe.

njia_ya_machame
Shikamoo mwalimu, asante sana. Na ClassicPress?

fundi_njiro
Ni nzuri kwa asiyetaka mabloku kabisa, toleo la 2 limejengwa juu ya WordPress 6.2. Shida ni plagini, nyingi mpya zinadai toleo la juu zaidi, wewe mwenye fomu za kukodi vifaa utakwama. Blogger ni bure na huna seva ya kuhangaikia, ila hakuna plagini, fomu zako utaziacha.

chalii_sakina
Basi weka Classic Editor, halafu kwenye setingi za Uandishi kuna sehemu ya kuruhusu kila mtumiaji achague edita yake. Mama mkubwa abaki na vitufe vyake, wewe utumie mabloku kwenye kurasa za bei. Makala za mabloku zinakaa kama HTML ya kawaida (lugha ya kurasa za wavuti) yenye alama ndani ambazo msomaji hazioni, hata ukizima baadaye msomaji anaendelea kuzisoma.

dada_wa_rau
Hiyo ya kila mtu kuchagua sikuijua, naenda kuiweka kwangu pia.

njia_ya_machame
Nimeelewa, naenda na hiyo ya chalii. Fundi, nikitoka 4.9 niruke moja kwa moja?

fundi_njiro
Unaweza, ila bakapu ya mafaili na databesi kwanza, zote mbili, uzishushe kwenye kompyuta yako siyo kuziacha hukohuko kwenye seva. Halafu tengeneza nakala ya majaribio pembeni, ipandishe toleo hiyo kwanza, angalia themu (muundo wa muonekano) na fomu zinafunguka kwenye simu ndogo, ndo uguse ya kweli. Plagini zilizokaa miaka bila apdeti zitoe mapema, hizo ndo huangusha tovuti PHP ikibadilika.