Kama tumo ndani ya simulesheni, anayepokea sala zetu ni nani?

MwanaMwezi:

Wakuu salaam. Naomba tulijadili hili kiutu uzima, wenye dini na wasio na dini wote karibuni ila matusi tuyaache pembeni.

Kuna hii nadharia kwamba ulimwengu wote, nyota, bahari, wewe na mimi, ni programu tu inayoendeshwa kwenye kompyuta ya viumbe waliotuacha mbali sana kiteknolojia. Zamani nilikuwa naichukulia kama stori za kupotezea muda, kumbe kuna mwanafalsafa aliyekuwa Oxford anaitwa Nick Bostrom kaiandikia makala kabisa mwaka 2003 na hesabu zake ndani, halafu 2016 Elon Musk naye akasema mbele za watu kwamba uwezekano wa sisi kuwa kwenye ulimwengu wa msingi, yaani ule halisi usioigizwa na mtu, ni mmoja kati ya mabilioni. (Musk simchukulii kama mtume, lakini ndo aliyefanya jambo lisambae.)

Sasa mimi sitaki tubishane kama ni kweli au uongo. Mimi ni mtu wa sala. Ninachouliza, tuchukulie ni kweli, ninapopiga magoti anayenisikia ni Mungu au ni kijana fulani kakaa mbele ya skrini yake huko juu anatutazama? Na roho ni nini, faili? Nikifa nafutwa ama nahifadhiwa mahali? Halafu kuna mtu niliona anasema wengi tunaopishana nao ni wa kujazia tu, kama wale wahusika wa kwenye gemu ambao ndani hamna kitu, hiyo ndo imenitisha kuliko zote maana mtu akishaamini hivyo anaweza kukufanyia chochote na usiku akalala vizuri.

FundiSeva:

Mkuu kabla hatujafika kwa Mungu tuweke sawa kitu kimoja, watu wengi wanamlisha Bostrom maneno. Hakusema tumo ndani ya simulesheni. Alisema kati ya mambo matatu lazima moja liwe kweli: ama viumbe wa aina yetu karibu wote wanaangamia kabla ya kufikia uwezo wa kutengeneza dunia za namna hiyo, ama wanaofikia uwezo huo karibu wote hawana hamu ya kuzitengeneza, ama sisi karibu kwa hakika tumo ndani ya mojawapo. Basi. Na kwenye makala yenyewe anasema kwa jinsi tusivyojua mengi, ni busara kuyapa yote matatu uzito unaokaribiana. Sasa Musk kachukua la tatu kakimbia nalo, hayo mawili kayaacha njiani.

Hesabu zenyewe zinavutia sikatai. Alikadiria kompyuta yenye uzito wa sayari inaweza kufanya hesabu 10^42 (moja ikifuatwa na sifuri 42) kwa sekunde moja, na kuigiza akili za binadamu wote tangu tuanze inahitaji kama 10^33 hadi 10^36, yaani historia yetu yote na vita vyake na mapenzi yake na kodi zake haizidi sehemu moja ya milioni ya kazi ya sekunde moja. Ukisoma hapo unajiona mdogo kweli.

Ila ushahidi wa kupima hakuna. Mwaka 2012 wanafizikia watatu, Beane, Davoudi na Savage, walitoa wazo kwamba kama nafasi imejengwa juu ya gridi, vijumba vijumba kama karatasi ya hesabu, basi miale ya kosmiki (chembe zinazotufikia kutoka anga za mbali) yenye nishati kubwa kabisa ingetuonyesha dalili, isingekuwa inatoka pande zote kwa usawa. Wazo zuri, lakini hata ukiikuta hiyo gridi umethibitisha kuna gridi tu, hujathibitisha kuna aliyeichora. Na wale wanaopenda kuleta lile jaribio la mianya miwili, ambapo elektroni zinajipanga kama mawimbi ila ukipima zimepita mwanya upi mpangilio huo unapotea, eti elektroni inajua inaangaliwa kwa hiyo seva inaokoa nguvu, jamani, kuangalia kwenye kwantamu, fizikia ya vitu vidogo kabisa, si jicho la mtu, kitu chochote kikigusana na elektroni kikabaki na taarifa ya njia iliyopita kinatosha, hata kama jengo zima halina mtu.

Kwangu mimi hii nadharia ina ugonjwa mmoja, haishindwi. Ukileta ushahidi wa kuipinga utaambiwa huo nao umeandikwa kwenye programu.

Tulizo77:

Mimi naomba tu aliyeshika kibodi abonyeze kitufe cha kuhifadhi kabla sijafanya maamuzi mengine kama niliyofanya mwaka huu. Endeleeni wakubwa.

MwanafunziWaKale:

MwanaMwezi ndugu yangu, swali lako lina umri mrefu kuliko kompyuta. Imam Ghazali, huyu aliyefariki mwaka 1111, alipita hapo hapo ulipo. Anasimulia alivyoanza kuyatilia shaka macho yake: kivuli ukikitazama kimetulia, ukirudi baadaye kimesogea, nyota unaiona kama sarafu wakati hesabu za jiometri zinasema ni kubwa kuliko dunia. Akasema sawa, macho yanadanganya, nitashika akili. Kisha akajiuliza, mbona ndotoni naamini kila kitu mpaka niamke, nitajuaje kwamba huku kuamka kwangu nako si ndoto ya kuamka kwingine? Akaugua kwa hilo, na hakupona kwa hoja, mwenyewe anasema alipona kwa nuru ambayo Mungu aliitupa kifuani mwake. Mtu mwenye akili kama ile kukiri kwamba hoja hazikumtoa, mimi huwa nasimama hapo kila nikisoma.

Na kuna kubwa zaidi. Wanatheolojia wa Kiashari, madhehebu ya elimu ya imani katika Uislamu, aliokuwa upande wao walifundisha kwamba vitu ni chembe ndogo zisizogawanyika na sifa zake hazidumu nyakati mbili, Mungu anaziumba upya kila mara. Moto hauunguzi pamba kwa nguvu yake, Mungu ndiye anayeumba kuungua pale moto unapoigusa. Sasa niambie hiyo na ulimwengu unaochorwa upya picha kwa picha zinapishana wapi? Kwa hiyo muumini akiambiwa dunia haijisimamii yenyewe hashtuki, hilo analijua.

Zinapopishana ni kwa huyo mwenye mashine. Programa ni kiumbe. Anakaa mahali, ana muda wake, umeme ukikatika kwake na sisi tumekwisha, na yeye mwenyewe hajui kama yumo ndani ya simulesheni ya mwingine. Bostrom mwenyewe aliliona hili, anasema wenye mashine kwetu ni kama miungu, wanaona yote na wanaweza kuvunja kanuni za dunia yetu, lakini kila ngazi inaweza kuwa na wakubwa juu yake, kwa hiyo hata wao wana sababu ya kuogopa adhabu na kuwa na adabu. Mungu wa dini hakuwahi kuwa mtu wa ngazi ya juu. Ndiye anayefanya ngazi zote ziwepo, ya kwanza na ya elfu moja. Ukitaka wa kumfananisha na programa nenda kwa Wagnosti wa zamani, wale waliosema aliyetengeneza dunia hii inayoonekana ni mungu mdogo asiyejua vizuri anachofanya na juu yake yuko Mungu wa kweli.

HoiBinHoi:

Naheshimu hoja zenu ila mimi naona wote mnazunguka. Hii nadharia ni dini ya watu wanaoona aibu kutamka neno Mungu mbele ya marafiki zao wa teknolojia. Kuna muumbaji, kuna dunia ya juu, kuna maisha baada ya kuzima, hadi siku ya mwisho ipo, wanaiita kuzimwa kwa seva. Kilichokosekana ni kufunga tu. Halafu ngazi juu ya ngazi juu ya ngazi mpaka wapi? Mwanafunzi anasema Mungu anafanya ngazi ziwepo, na mimi nauliza kwa nini nisiseme ngazi zipo tu na tukanywa chai.

MwanafunziWaKale:

HoiBinHoi unaruhusiwa kusema hivyo na nakuheshimu. Ila angalau umekubali kwamba programa hajajibu chochote, kasogeza swali ghorofa moja juu. Hapo mimi na wewe tuko pamoja.

MwanaMwezi:

Asanteni sana aisee. Kwa hiyo nikielewa vizuri, kama Mungu ndiye anayeshikilia ngazi zote basi sala yangu haipiti kwa yule kijana kwanza. Hilo limenipunguzia mzigo. Bado lile la watu wa kujazia hamjaligusa.

BiTafakari:

Mwanangu acha mimi nilijibu hilo maana linanikera. Kwanza kwenye makala ile ile Bostrom kalitaja, anawaita watu vivuli, wanaonekana kama watu lakini ndani hakuna anayehisi. Na anasema haiko wazi kama kumtengeneza mtu kivuli kungekuwa nafuu kihivyo kuliko kumtengeneza mtu kamili. Fikiria mwenyewe, huyo kivuli inabidi acheke panapochekesha, akumbuke ulichomwambia mwaka juzi, akukosoe, akuandikie barua ikutoe machozi, akufiche siri yake miaka kumi. Kitu cha kufanya yote hayo bila ndani kuwa na mtu, hiyo nafuu iko wapi? Kwa hiyo hao wanaotembea wakisema wenzao ni wa kujazia hawajalitoa kwenye hoja, wamelitoa mifukoni mwao. Na ukiwachunguza, hakuna hata mmoja aliyewahi kujihesabu yeye ndo wa kujazia.

Pili, hata tukisema tumeundwa kwa namba, basi ndivyo tulivyo, tumeundwa kwa namba. Mwanafalsafa David Chalmers kaandika kitabu kizima 2022 anatetea hilo, kwamba meza ya ndani ya simulesheni ni meza, imetengenezwa kwa kitu tusichotarajia lakini inabeba sahani. Tulipoambiwa meza karibu yote ni nafasi tupu kati ya chembe hatukuacha kula juu yake. Na maumivu ndo kabisa, jino likiuma linauma, habari za limetengenezwa na nini hazilipunguzii hata kidogo. Mtoto akilia humwambii nyamaza wewe ni data.

Kuna mchumi mmoja, Robin Hanson, mwaka 2001 hata kabla makala ya Bostrom haijatoka rasmi, aliandika kwamba kama unaweza kuwa unaishi kwenye simulesheni basi usijali sana watu wengine, ishi kwa leo na jitahidi kuchekesha na kuwa karibu na watu maarufu ili wenye mashine wasichoke kukutazama. Nilisoma nikasema haya, sasa tumefika kwenye ibada ya watazamaji. Na kwa jinsi watu wanavyoishi mbele ya kamera siku hizi wala haikuhitaji nadharia.

FundiSeva:

Bi mkubwa umenikosha 😂

Niongeze la kiufundi ambalo kwa waumini nadhani ndo msumari wenyewe. Hoja nzima ya Bostrom imesimama kwenye sharti moja analolitaja mapema kabisa, kwamba fahamu haijali imekaa kwenye nini, ubongo wa nyama au prosesa, mradi mahesabu yawe yale yale. Hajalithibitisha, kaliweka tu mezani kama jambo ambalo wengi kwenye fani yake wanalikubali. Kwa hiyo MwanaMwezi kama unaamini roho ni kitu ambacho hakuna kiumbe anaweza kukitengeneza kwa mahesabu, basi hoja haikufikii, imeishia mlangoni. Huwezi kushika vyote viwili. Naona watu wanasema roho ni pumzi ya Mungu na hapo hapo wanasema inawezekana tumo kwenye kompyuta ya viumbe wenzetu, chagueni.

MwanaMwezi:

Kwa nini nisishike vyote? Mungu si anaweza kuweka roho popote anapotaka, kwenye nyama au kwenye namba.

MwanafunziWaKale:

Hilo ni jibu zuri na Ghazali asingelikataa. Tatizo linakuja pale uliposema kuhifadhiwa. Faili inanakilika. Tuseme ukifa programa anakuwasha upya ngazi ya juu, unafumbua macho na kumbukumbu zako zote, unashukuru Mungu. Sawa. Sasa akikuwasha mara mbili kwa pamoja, wote wanakumbuka utoto wako, wote wanasali kwa maneno yako, kati yao ni yupi atakayeulizwa kwa dhambi zako?

HoiBinHoi:

Wote wawili, na kila mmoja atamsingizia mwenzake.

MwanaMwezi:

Aisee hapo Mwanafunzi umenifunga mdomo. Naenda kulifikiria nitarudi.