Harbin kwa ufadhili kamili au Guangzhou kwa msamaha wa ada? Mliosoma China nilinganishieni

Mwana_Kasulu
Wakuu, salaam. Nimemaliza digrii ya uhandisi ujenzi, na kwa masta Mungu kanifungulia milango miwili kwa mpigo. Harbin ni ufadhili wa serikali ya China, kila kitu ndani: ada, chumba, bima na posho ya yuan 3,000 kwa mwezi. Ila masomo ni kwa Kichina, kwa hiyo mwaka mzima wa kwanza ni lugha tu. Guangzhou wananisamehe ada peke yake, kula na kulala juu yangu, lakini wanafundisha kwa Kiingereza na namaliza mapema. Mzee anasema nifuate posho. Dada yangu ana duka Kariakoo, huenda Guangzhou mara mbili kwa mwaka kufuata mzigo, yeye anasema Harbin nitaganda. Baridi kali niliyowahi kuiona ni ya Njombe mwezi wa saba. Nawasilisha.

Barafu_Tupu
Njombe! Mkuu umenichekesha. Nimekaa Harbin miaka minne. Januari usiku inashuka nyuzi 25 chini ya sifuri na zaidi, hilo halina mjadala. Unatoa simu upige picha, chaji ilikuwa asilimia 60, inazima mkononi. Mto Songhua unaganda mpaka watu wanautembelea kwa miguu, na barafu hiyohiyo wanaikata mapande wanajengea majumba ya tamasha la Januari.

Lakini kuna kitu dada yako hawezi kukijua, maana huko hajawahi kulala: ndani ni joto. Kaskazini nyumba zina mabomba ya maji moto, wanaita nuanqi, na Harbin yanawashwa kuanzia tarehe 20 Oktoba hadi 20 Aprili. Bwenini tulikuwa tunakaa na fulana na bukta huku theluji inaanguka dirishani. Baridi yenyewe ni ya dakika kumi, kutoka bweni hadi darasani. Na usinunue koti Karume, nililinunua mimi likanitia aibu mwezi wa kumi na moja. Shule inafungua Septemba, una muda. Nunua huko huko koti la manyoya ya bata, na zile suruali za ndani wanaziita qiuku, chukua mbili.

Mama_Xiaobei
Haya, na mimi niisemee Guangzhou. Hali ya hewa ni kama Dar, joto na mvua. Ukikumbuka nyumbani unashuka Xiaobei, mtaa wenye Waafrika wengi, unasukwa nywele na mtu mnayeelewana, unakula wali ulioungwa vizuri. Ijumaa kuna msikiti wa Huaisheng, miongoni mwa misikiti ya kale kabisa China yote. Siku yangu ya kwanza mtaani nikasikia nyuma yangu, "Dada, unatafuta nini?" Nilikaribia kulia.

Sasa ubaya wake. Kusini hakuna nuanqi. Ikishuka hadi nyuzi 8 mnakaa na makoti ndani. Halafu kama mwezi wa tatu unyevu unaingia, kuta zinatoka jasho, viatu vya ngozi vinaota ukungu kabatini. Na hesabu ya pesa uifanye kweli, mdogo wangu. Mimi nilikuwa natumia kama yuan 2,500 kwa mwezi, chumba cha bweni na chakula cha kantini, bila kujidekeza. Nani atakutumia hiyo kila mwezi mpaka umalize?

Mzigo_Kwanza
Mbona hilo rahisi? Akae Guangzhou atafsirie wafanyabiashara wa Kariakoo, awazungushe sokoni, awafungie mizigo. Watu wanaishi hivyo. Dada yake mwenyewe ni mteja wa kwanza.

Mama_Xiaobei
@Mzigo_Kwanza usimpoteze mtoto wa watu. Viza ya masomo haikuruhusu kufanya kazi mpaka chuo kikubali na uhamiaji waandike kwenye kibali chako cha ukaazi. Ukikamatwa faini ni yuan 5,000 hadi 20,000, na ukizidisha ni mahabusu halafu ndege. Nimeona kijana anaanza na mteja mmoja Jumamosi, mwisho wa muhula hajui hata mtihani ni lini. Halafu kutafsiri kwa Kichina kipi, wakati anasoma kwa Kiingereza?

Kibarani_Msa
Hapo ndipo penyewe. Mimi ni wa Mombasa, nimesoma kozi ya Kiingereza, mji siutaji. Mwalimu alikuwa anasoma yaliyoandikwa ubaoni kisha anakwambia "okay?" Ukitoka nje ya geti hicho Kiingereza hakikununulii hata chumvi. Miaka miwili nikatoka na Kichina cha kuagiza tambi na kumwambia dereva ashike kushoto. Nimerudi Kenya naomba kazi kwa mkandarasi wa Kichina, jamaa aliyesoma Kichina mwaka mmoja tu akanipita mlangoni.

Ndugu yangu, wewe ni mhandisi wa ujenzi. Angalia SGR yetu nani kaijenga, angalia daraja lenu la Kigongo–Busisi. Mwaka wa lugha usiuone kama mwaka uliopotea. Na Kichina cha Harbin kimenyooka, kinakaribia kile cha vitabuni. Guangzhou sokoni wanazungumza Kikantoni, utasoma neno asubuhi darasani na jioni usilisikie popote.

Tambi_Kavu
Mimi nilikuwa Wuhan, kati ya miji hiyo miwili, nikapata mabaya ya pande zote: kiangazi kinapika, kipupwe kinakaribia sifuri na hakuna mabomba. Chai ya asubuhi tu ndiyo ilinishikilia, zile tambi zao za ufuta, re gan mian. Lakini nilichotaka kusema ni safari, maana hakuna aliyegusa. Wuhan unafika kokote. Harbin uko pembeni kabisa ya nchi. Kwa treni ya mwendokasi ni kama saa 5 mpaka Beijing, kisha kama saa 8 nyingine Beijing hadi Guangzhou, na kipande hicho cha pili nililipa yuan 862.

Barafu_Tupu
Kweli ni mbali, lakini ana posho. Na si lazima mwendokasi. Kuna treni za kawaida zenye vitanda vya ngazi tatu. Chukua cha kati: cha chini kila abiria anakifanya benchi, cha juu huwezi hata kukaa wima. Ila mwaka mpya wa Kichina usichelewe kukata tiketi. Mimi nilichelewa mara moja, nikapata ya kusimama, bei ileile ya kiti. Usiku kucha nimekaa kwenye ndoo karibu na choo. Mama mmoja akanipa mayai ya kuchemsha na chungwa, akanihoji mpaka alfajiri: kwetu kuna simba wangapi, mshahara wa baba, mbona sijaoa. Kichina changu kilikomaa usiku ule kuliko muhula mzima.

Kibarani_Msa
Simba wangapi 😂 Hilo swali liko kwenye silabasi yao nadhani.

Mwana_Kasulu
Nimesoma yote, na mzee nimemsomea la mkandarasi, kacheka sana. Nimeshawajibu Harbin. Dada kanuna, anasema nani atampokea Guangzhou. Swali la mwisho, msinicheke: mimi bila ugali silali. Nibebe unga?

Barafu_Tupu
Acha nafasi ya begi. Harbin mahindi ni zao lao, duka lolote omba yumi mian. Ugali unatoka wa njano kama umetiwa mayai, wiki ya kwanza utaususia. Beba mwiko tu, huo nilizunguka mji mzima sikuuona.

Mama_Xiaobei
Na siku ya kufika usilale hotelini au kwa rafiki bila kuandikishwa polisi ndani ya saa 24. Kibali cha ukaazi ukiombe ndani ya siku 30. Dada mwambie namba yangu ya WeChat nitakutumia wewe faraghani, nitampokea mimi.