Plagi za injini ya zamani ya ndege: nje cheche safi, ndani zinamisi. Nizipimeje?

MtangaUghaibuni:
Wakuu habari, na wakubwa shikamooni. Ni fundi ndege, kwa sasa niko Ufaransa. Jumamosi najitolea kwenye karakana inayofufua Hispano-Suiza 8Ab ya farasi 180, V8 iliyofungwa kwenye SPAD VII wakati wa Vita vya Kwanza. Matoleo ya mwanzo yalikuwa na kompresheni (uwiano wa kubana hewa ndani ya silinda) ya 4.7, hii ikapandishwa hadi 5.3. Leo si kitu, ila kwa plagi za 1917 ulikuwa mzigo.

Sailensa, yaani injini ikizunguka polepole bila kuongezewa mafuta, imetulia kabisa. Ukifungua mafuta, silinda mbili tatu zinamisi. Nimechomoa plagi zote 16, nikaziegemeza kwenye bodi ya injini na kuzungusha magineto (mtambo unaozalisha umeme wa cheche) kwa mkono: cheche ya buluu kila moja. Nikizirudisha, yale yale. Kihami chake (kinachozuia umeme usivuje) ni karatasi za ulanga (mica) zilizobanwa pamoja. Nizipimeje bila kuziua? Kuzipata nyingine ni kazi.

FundiGepu:
Mkuu, cheche ya hewani isikudanganye. Kwenye sailensa silinda inavuta hewa kidogo. Ukifungua, hewa inashonana kwenye gepu (nafasi ambayo cheche inaruka) na umeme unahitaji volti nyingi zaidi kuiruka. Ukipata njia nyepesi, masizi au mafuta yaliyopenya kwenye ulanga, unapita huko.

Tengeneza chemba: chuma chenye uzi wa plagi, dirisha la kioo kinene, geji, valvu ya usalama. Jaza hewa kavu ya kompresa na utazame kwa kioo cha kujitazamia, uso usiwe mbele ya dirisha. Oksijeni usiiguse kabisa! Mafuta kidogo tu yakikutana nayo kwenye presha ni mlipuko.

Mzee_Karakana:
Peleka hadi bar 10, isiyoweza itupwe.

BintiMagineto:
Shikamoo mzee. Naomba nipishane nawe kidogo, maana bar 10 zitamtupisha plagi nzima. Ndani ya silinda hewa imebanwa lakini pia imepata moto. Kwenye chemba ni ya baridi. Kinachoizuia cheche ni wingi wa hewa kwenye gepu, si namba ya geji peke yake. Kwa kompresheni ya 5.3, bar 6 za geji tayari ni mtihani mkali.

Mtanga, pima magineto nayo. Bar 6 za geji ukijumlisha 1 ya hewa ya kawaida ni 7, hivyo gepu ya milimita 0.5 humo ni sawa na kama milimita 3.5 hewani. Weka sindano mbili kwa umbali huo. Magineto isiporuka hapo, anza na magineto kabla ya kulaumu plagi.

Mzee_Karakana:
Marahaba binti. Umenena, nafuta bar 10. Naongeza: plagi ikiwa kwenye chemba, pakaa maji ya sabuni kwenye maungio. NACA, kamati ya serikali ya Marekani ya utafiti wa ndege, ilitoa ripoti kuhusu kasoro za plagi mwaka 1920, na suala la kuvuja gesi ililitilia mkazo mkubwa. Gesi ya moto ikipenya inachoma kihami toka ndani. Na usizipige mchanga, ulanga unachanika. Brashi laini, kisha kausha taratibu, upime kwa mega (kipimo cha uwezo wa kihami kuzuia umeme) zikiwa bado na joto.

MtangaUghaibuni:
Mrejesho wakuu. Sindano: magineto zote mbili zinaruka bila shida. Chemba: plagi 11 zimepita bar 6. Nne zinakata kuanzia bar 4. Ya tano niliizimia taa nikaona mwenyewe: uzi mwembamba wa zambarau unateremka ubavuni mwa ulanga na kupotelea ndani ya ganda, kwenye gepu giza tupu. Sabuni ikatoa mapovu palepale shingoni.

Nimekagua daftari langu: hizo tano zilikuwa silinda tatu zilezile zilizokuwa zinamisi. Nne nimeziweka zikauke, nitazirudia. Hiyo inayovuja, kuna aliyewahi kufungua na kupanga ulanga upya?