Kunde zinabunguliwa: mwarobaini au makonyo?

BintiMicheweni
Assalaam alaykum wanajamvi. Nimevuna kunde zangu za maweni, kule kwenye ardhi ya mawe, nusu za kula, nusu mbegu. Jana nimelitikisa polo (gunia) nikaona unga umejaa chini, na ukizitia kunde kiganjani unaona vidoa vyeupe vimeganda juu ya punje. Bibi anasema nitie majani ya mwarobaini. Jirani anasema makonyo ya karafuu, vile vijiti vinavyobaki karafuu zikishachambuliwa. Dukani wanataka kuniuzia vidonge vya gesi. Nisaidieni, mbegu zikiliwa sina nyengine.

Mkaakonde
Waalaykum salaam dada. Bibi yuko sawa. Ila majani yakaushe kivulini, juani nguvu yake inapotea. Na kokwa za mwarobaini zinashinda majani: okota zilizoanguka, menya, kausha, twanga.

BabuKarafuu
Makonyo! Wapemba tuna dawa tunaiwasha moto jikoni. Yana yujenoli, ile dawa yenye harufu kali iliyomo kwenye karafuu, ndiyo maana pale kiwandani Wawi, hapa Pemba, yanakenekwa (yanachemshwa kwa mvuke) kutoa mafuta. Twanga uchanganye, fukusi hakai.

Bwanashamba_mstaafu
Babu, hakai yule anayetembea. Huyu wa dada yuko ndani. Hivyo vidoa vyeupe ni mayai. Fukusi mkubwa wa kunde hata hali kunde. Anayekula ni mtoto wake, ambaye akianguliwa huchimba kutoka kwenye yai moja kwa moja mpaka ndani ya punje. Unga wa makonyo utamfikiaje? Mwarobaini nao hauui papo hapo, unawatia uzito wa kula na kukua. Ndiyo maana watu hutia majani leo, baada ya wiki wanatoka wapya, wakasema dawa za miti ni uongo.

Kwanza uwaue waliomo. Saa za jua kali tandika plastiki nyeusi, mwaga kunde kavu tabaka jembamba, funika kwa nailoni inayoonesha ndani, kingo zibane kwa mawe. Joto la humo likifika nyuzi 57 kwa saa moja, mayai na mabuu wamekwisha, na mbegu inaota. Usizisahau humo kutwa nzima. Ziache zipoe kabisa kabla ya kuzitia chomboni, la sivyo zitatoa jasho na kuota ukungu.

Pwezawawete
Maneno mengi. Vidonge vya gesi, siku chache wamekwisha.

Bwanashamba_mstaafu
Vidonge hivyo vikipata unyevu wa hewa hutoa fosfini, gesi ya sumu, na fosfini haichagui fukusi wala mtoto. Dada, hilo polo liko wapi?

BintiMicheweni
Chumbani, tunalala humo humo na watoto. Vidonge sivitaki. Lakini na mwarobaini nao, uchungu je? Na wifi yangu ni mjamzito.

Bwanashamba_mstaafu
Basi mwarobaini uwe wa mbegu tu, na polo lake ulitie alama. Mjamzito asile kilichochanganywa nao. Za kula zipake mafuta ya kula, kijiko kimoja cha chai kwa kilo, sugua mpaka kila punje ing'are. Yai lililopakwa mafuta halipati hewa.

Mkaakonde
Mie za kula natia kwenye madumu. Dumu liwe kavu kabisa, jaza mpaka shingoni, kifuniko ukikaze juu ya kipande cha nailoni. Mdudu aliyesalia anamaliza hewa yake mwenyewe anakufa. Chukua madumu madogo madogo, maana kila ukifungua unamrudishia pumzi.

BabuKarafuu
Kwa hiyo makonyo yangu nitupe?

Bwanashamba_mstaafu
Hasha. Yatandaze chini ya polo la mbegu na pembeni yake, mgeni asikaribie. Kazi yake ni hiyo.

BintiMicheweni
Ahsanteni sana. Hiyo nailoni ya kuonesha ndani naipata wapi?

Pwezawawete
Wanaouza plastiki za meza sokoni, wanakata kwa mita. Chukua nene, nyembamba upepo wa huko kwenu utaichana.