Kivuli kilichokuaibisha au kukuokoa kwenye renda (picha inayotolewa na kompyuta kutoka mchoro wa 3D): tupeane uzoefu

KandiliKSM: Wadau, jana stima zilipotea hapa Kondele. Mama akawasha mshumaa, akauweka sakafuni, akaendelea kusonga ugali. Kivuli chake kikapanda ukuta mpaka darini, mwiko umekuwa kama kasia. Nikajiuliza miaka yote hii mimi hujaza renda taa mpaka uvunguni mwa kitanda kwa nini. Nani ana kisa? Lete.

RamaniNax: Usinikumbushe. Nilikuwa na mteja, mwalimu mstaafu, anajenga Milimani Kisumu, veranda inatazama kaskazini. Nikapakua picha ya anga iliyopigwa Ulaya, nikaizungushia nyumba iwe ndiyo mwanga wake. Ikatoka tamu: veranda iko kivulini, vivuli vya miti vimelala ng'ambo ya ua. Chini nikaandika "Juni, saa sita mchana". Sijui nani alinituma.

Mzee akavaa miwani, akakaa kimya mpaka nikaanza kupanga waya za laptopu. "Kijana, jua hili umelitoa wapi?" Nikasema, kwenye kompyuta. "Hapa ni ikweta. Juni jua linapita kaskazini, linaniingilia verandani. Na saa sita kivuli changu hakifiki hata nusu ya kimo changu. Hiki chako kimevuka kwa jirani." Fundi wa mawe alikuwa mlangoni, akacheka mpaka akatoka nje. Ramani ikarudi mezani, paa likaongezwa upande ule. Siku hizi kwenye Blender, programu ya 3D, naweka jua kwa latitudo na tarehe, na sipakui anga ya mtu.

Otonglo_3D: +1. Jua la Ulaya limetuponza wengi.

SaaSita: Marekebisho madogo. Juni saa sita kamili jua la Kisumu halijafika kileleni. Saa yetu inafuata longitudo 45, Kisumu iko karibu 35. Kilele ni kama saa saba kasoro dakika 20.

RamaniNax: Asante mwalimu. Mzee hakuniuliza dakika.

SaaSita: Basi usiandike saa kwenye picha.

TaaTatu: Shida yenu hamjui kupanga taa. Ya mbele, ya kujaza (ya kupunguza vivuli), ya nyuma. Kwisha.

Otonglo_3D: Hiyo ya kujaza ndiyo inaua hadithi. Uso wote unaonekana, hakuna siri.

TaaTatu: Wewe ulirenda chupa ya soda, siri gani?

NyavuZaUsiku: Sikutaka kuandika hapa. Kaka yangu alienda kuvua omena usiku akitokea Dunga, hakurudi. Mwaka jana nikatengeneza filamu ya sekunde 40: mtumbwi, karabai moja, tanga. Mtu sikutaka aonekane. Nikamweka, nikamzima kwa kamera tu, nikaacha kivuli. Cycles, injini ya kurenda ya Blender, inaruhusu. Kwa hiyo mtumbwi uko mtupu, lakini kwenye tanga kuna mtu.

Mara ya kwanza taa nilikuwa nimeipa upana mkubwa, kivuli kikawa ukungu. Nikapunguza nusukipenyo cha taa mpaka sentimita 3, kingo zikakatika, bega likajulikana ni bega. Nikamwonyesha mama kwenye simu. Akatazama mara mbili. Akauliza, "Mbona amekaa? Huyu alikuwa akivuta wavu amesimama."

Sikuwa nimemwambia ni nani.

KandiliKSM: Pole sana ndugu yangu.

Otonglo_3D: Pole kaka. Nimeweka simu chini kwanza.

TaaTatu: Pole. Nafuta niliyosema juu ya taa ya kujaza. Kwa filamu hiyo tu.

MenengaiRenda: Pole ndugu. Ila wavuvi wengi sasa wana taa za sola, si karabai.

RamaniNax: Umesoma ulichojibu kweli?

MenengaiRenda: Nasema ukweli wa rangi! Sola ni nyeupe, kivuli kinasoma tofauti.

NyavuZaUsiku: Yeye alikuwa na karabai.

Otonglo_3D: Kwa wengine: ukisafisha chembechembe za renda, usikaze sana, kingo za kivuli zinayeyuka kama siagi. Ongeza sampuli (miale ya mwanga kwa kila nukta ya picha), ulale, ombea stima.

TaaTatu: Au nunua jenereta.

KandiliKSM: Nyavu, ulimsimamisha?

NyavuZaUsiku: Nilimsimamisha. Ikabidi nirefushe tanga, kichwa kilikuwa kinakatika. Fremu 960, usiku tatu. Mama bado hajaiona hii mpya.