Tupeane uzoefu: hela ya utafiti wa likizo ndefu

Binti wa Usa River
Habari zenu. Leo nimepita Tengeru nikaona vijana wanashusha maboksi ya sampuli kwenye hiace, nikakumbuka mwaka wangu wa pili chuoni. Mliowahi kupata ufadhili wa utafiti wa likizo, ulikwendaje? Mdogo wangu anaandika andiko la kuomba hela hiyo sasa hivi na sitaki yamkute yaliyonikuta.

Mimi niliumizwa na risiti. Ile hela ni masurufu: unatumia kwa bajeti uliyoandika, halafu unarejesha hesabu. Nilikuwa nahoji wakulima wa kahawa Machame, kila siku boda kwenda, boda kurudi. Siku ya hesabu mhasibu akaweka kalamu kwenye mstari wa usafiri: "EFD iko wapi?" Yaani risiti ya mashine ya kodi. Boda gani ana mashine ya EFD? Nikalipa kwa boom, ile hela ya mkopo wa wanafunzi, la muhula uliofuata.

Kibosho Juu
Risiti! Dada umenitonesha kidonda.

Fundi Maabara
Achapishe fomu tangu siku ya kwanza: jina la dereva, namba ya simu, kutoka wapi mpaka wapi, kiasi, saini.

Kibosho Juu
Sisi fomu hizo zilikataliwa. Amuulize mhasibu kabla ya kuchukua hela.

Mpare wa Moshi
Mnahangaika bure. Hela hizo wanapewa wanaojuana na walimu.

Mtoto wa Kiborloni
Si kweli kaka, na inaniuma ukisema hivyo. Mama yangu anauza mitumba Kiborloni, sikumjua mwalimu yeyote. Nilipata kwa sababu swali langu lilikuwa dogo. Wenzangu waliandika "athari za mabadiliko ya tabianchi Mlima Kilimanjaro". Kwa wiki nane? Mimi niliandika mfereji mmoja, kijiji kimoja, zamu za maji.

Mpare wa Moshi
Chuo chenu labda. Kwetu tangazo lilibandikwa Ijumaa, mwisho Jumatatu. Nani alikuwa na andiko tayari?

Floridi
Ngojeni niwaambie langu, maana sijawahi kulisimulia.

Nilikuwa napima floridi kwenye maji Arumeru, chini ya Mlima Meru. Barua ya utambulisho ya chuo ilikuwa inapita ofisi ya mkoa, ije wilayani, ndipo ishuke kwa mtendaji wa kata. Hela imeingia, wiki tatu zimekwisha, barua haijashuka. Nikaona siku zinaniishia, nikaenda bila barua.

Nimeinama kisimani na chupa zangu za plastiki (floridi huiweki kwenye chupa ya kioo, inaweza kushikana na kioo na kipimo kikaharibika), mama mmoja akapiga yowe: "Anatia dawa kwenye maji!" Dakika kumi nimezungukwa. Mmoja ana panga la kukatia majani ya ng'ombe. Mikono ilinitetemeka mpaka kizibo kikaanguka. Kitambulisho cha chuo nikakionyesha, nani akisome?

Aliyeniokoa ni mzee mmoja. Alisogea, akaniuliza natafuta nini. Nikamwambia napima kitu kinachoharibu meno. Akafungua mdomo, meno yote kahawia, akasema, "Kitu hicho si hiki hapa? Unapima nini tena?" Kisha akanishika mkono akanipeleka kwa mwenyekiti wa kijiji.

Kisima kile kilizidi miligramu 1.5 kwa lita, kiwango cha Shirika la Afya Duniani. Lakini safari ya pili nilikwenda na barua, na majibu nilimpelekea yule mzee kwa mkono wangu.

Kibosho Juu
Pole sana kaka. Mungu alikuwa nawe.

Binti wa Usa River
Nimesoma mara mbili. Namtumia mdogo wangu sasa hivi.

Fundi Maabara
Na kama anahoji watu kuhusu afya zao, kibali cha kamati ya maadili ya utafiti aombe kabla hela haijaingia. Hicho hakina njia ya mkato.

Mama Kijenge
Mimi nilihangaika na zile za Marekani, REU, programu za utafiti kwa wanafunzi wa shahada ya kwanza, zinazofadhiliwa na NSF, taasisi ya sayansi ya serikali yao. Wiki kama 10, posho ipo. Nilijaza siku tatu, kumbe ni za raia wao na wakaazi wa kudumu. Asome masharti kwanza.

Mpare wa Moshi
Floridi, yule mzee alisemaje ulipompelekea majibu?

Floridi
Aliuliza wajukuu wanywe wapi. Sikuwa na jibu siku ile. Tukakaa tu pale barazani.