Mafundi wa ndege za kivita Ngerengere walifanya kazi gani?

Mtoto wa Fundi:
Shikamooni wazee wangu. Marehemu baba alikuwa askari wa JWTZ katika kambi ya ndege za kivita ya Ngerengere, mkoani Morogoro, ile iliyojengwa kwa msaada wa China miaka ya 1970. Kila tulipomuuliza habari za ndege alijibu kwamba yeye hakuwahi kurusha hata moja, kisha akahamia kwenye joto la Ngerengere, treni ya reli ya kati na parachuti zilizomchosha mikono. Hizo parachuti ndizo zinazonitatiza, kwa kuwa baba hakuwa komandoo wala askari wa miavuli. Naomba mliotumikia huko, au katika kambi nyingine ya aina hiyo, mnieleze fundi alishindaje kazini.

Mstaafu wa Bandani:
Marahaba mwanangu, na pole kwa kuondokewa na mzee. Parachuti hizo hazikuwa za watu, zilikuwa za ndege zenyewe. Ndege za Kichina aina ya F-6 na F-7 hutua kwa kasi kubwa, kwa hiyo rubani akishagusa ardhi hufungua parachuti iliyo mkiani ili ipunguze mwendo, kisha huiachia. Sisi tuliifuata kwa gari kabla upepo haujaiburuta majanini, tukaikagua pindo kwa pindo kutafuta mchaniko au alama ya kuungua, tukaianika ikiwa imelowa, ndipo tukaikunja upya. Kukunja ndiko kulikotuumiza, maana kitambaa chote kile lazima kiingie katika nafasi finyu, nasi tulikishindilia kwa magoti na ngumi, huku mmoja akisimamia kamba zisipishane.

Kabla ya hapo, alfajiri, tulijipanga kwa upana wa njia ya kurukia tukaitembea tukiokota vijiwe na vipande vya waya, kwa sababu injini ya jeti hufyonza chochote kilicho mbele yake, na kijiwe kimoja chaweza kuvunja mapanga yake. (Vijana waliojiunga kwa kupenda filamu za vita walikata tamaa hapo.) Ilipofika adhuhuri bati la bawa lilikuwa halishikiki kwa mkono mtupu, kwa hiyo kazi za nje tulizikimbiza asubuhi.

Mlinzi wa Ziwa:
Mimi nilikuwa Mwanza wakati wa Vita vya Kagera, upande wa mizinga ya kutungulia ndege. Kwetu kazi kubwa ilikuwa kutazama anga, na hakuna kinachochosha macho kama hicho. Machi 1979 ndege ya Libya aina ya Tu-22, iliyotumwa kumsaidia Idi Amin, ilikuja kuupiga mji, lakini mabomu yakakosa shabaha na kuangukia hifadhi ya kisiwa cha Saanane, ambako yaliua swala. Mafundi kama baba yako hawakuwa na saa za kulala siku zile: ndege ikitua, wao ndio wanaanza kazi.

Mzee wa Nanyuki:
Nami niongeze ya Kenya, ambako tulipokea ndege za F-5 kutoka Marekani mwaka 1978. Joto halikutusumbua, tatizo letu lilikuwa mwinuko. Nanyuki iko juu sana, hewa ni nyepesi, na ndege yenye mzigo huhitaji kukimbia umbali mrefu zaidi kabla ya kupaa, hivyo hesabu ya mafuta na silaha ilifanywa kwa uangalifu. Kwa fundi, hata hivyo, jambo lililotawala siku lilikuwa sanduku la vifaa. Kila bisibisi na kila spana ilichorewa umbo lake mahali pake, na umbo moja likibaki tupu jioni, ndege haikuruhusiwa kuruka mpaka kifaa kipatikane, hata ikibidi kufungua upya vifuniko vyote tulivyokwisha kuvifunga. Mtoto wa Fundi, kama mzee ameacha sanduku lake nyumbani, hebu tazama amelipangaje ndani.